Roboti Iliyojifunza Maringo Yangu

Watu wengi hushindwa na mashine. Wanashindwa kwa nguvu, kwa kasi, kwa kutochoka, na hakuna anayewacheka. Mimi sikushindwa hivyo. Mimi mashine iliniiga, ikaniiga vizuri mno, mpaka wenzangu wa kazini wakakaa chini kwenye zege wakishika mbavu.

Kazi yangu ilikuwa kupaka meli rangi. Si yale maandishi na nakshi za juu. Mimi ni fundi wa tumboni, sehemu inayokaa majini. Meli huingizwa kwenye chelezo, lile shimo kubwa la zege, maji yanavutwa nje, na meli inabaki imekaa juu ya magogo, tumbo wazi, haina pa kujificha. Wapiga mchanga, wale wanaopuliza mchanga kwa nguvu ya hewa, wanaikwangua kutu na magamba ya baharini. Kisha naletwa mimi, nimesimama ndani ya kikapu kilichoning'inizwa kwenye winchi, bunduki ya rangi mkononi, nikipuliza rangi nyekundu yenye dawa ya kuzuia mwani na magamba yasishike tena. Dawa hiyo ni sumu. Nilijua ni sumu, ila nilidhani ni sumu ya magamba peke yake.

Nilikuwa fundi mzuri. Mabaya yangu nitayasema ya kutosha huko mbele, kwa hiyo hili niachieni. Rangi yangu haikuchuruzika, haikujikunja, haikuacha mstari. Ungeweza kujitazama humo ukachana nywele.

Na nilikuwa na kitu changu. Kila nilipomaliza mstari mmoja, niliegemea nyuma kwenye kikapu, nikageuza kichwa upande, nikaitazama kazi kwa jicho moja, na huku kidole kikiwa bado kwenye kifyatulio nikapuliza pumzi moja ya mwisho kutoka mbali, mkono ukipepea. Niliiita baraka. Niliamini kwamba ile pumzi ya mwisho ndiyo iliyoifanya rangi ilale kama hariri. Sikufundishwa na mtu. Niliibuni mwenyewe, na mtu akibuni kitu mwenyewe hana haja ya kukipima.

Tuliishi kwenye nyumba za wafanyakazi, nyuma tu ya ukuta wa chelezo, upande ambao upepo unakwenda. Mke wangu alitaka nyumba nyingine, juu huko, mbali na kelele. Mimi nilikataa. Dirisha la jikoni kwetu lilitazama meli zikitoka, na mgeni akija nilimwonyesha kwa kidole, "Ile pale ni kazi yangu," ingawa sehemu niliyopaka ilikuwa imezama yote na mgeni alilazimika kuniamini tu.

Binti yetu tulimwita Kidoti kwa ajili ya alama ndogo aliyozaliwa nayo juu ya nyusi. Alipoanza kutambaa, kifua chake kilianza kupiga filimbi. Kikatulia, kikaanza tena. Mke wangu ndiye aliyegundua kwamba kinaanza siku za rangi. Daktari alimsikiliza mtoto mgongoni kwa muda mrefu, akauliza tunaishi wapi, na alipoambiwa alivua vile vifaa vyake masikioni akasema mtoto atolewe pale, tena asisubiri.

"Ni rangi yenu," mke wangu aliniambia tulipofika nyumbani.

"Ni ya wale wengine. Mimi rangi yangu haipotei. Inatoka kwenye bunduki, inakwenda kwenye meli, basi. Muulize mtu yeyote."

"Nimuulize nani? Shuka?"

Akanivuta mkono mpaka uani. Shuka letu jeupe lilikuwa kwenye kamba tangu asubuhi. Lilikuwa na vitone vyekundu kama mtoto mwenye surua. Nikasema ni kutu ya kamba. Kamba yenyewe ilikuwa ya nailoni.

Hakugombana. Afadhali angegombana. Alikunja nguo za Kidoti, akazitia kwenye begi, akaanika shuka jingine jeupe, akasimama mlangoni na mtoto mgongoni.

"Baba Kidoti, mimi sina ugomvi na wewe. Nina ugomvi na hii hewa. Siku mtakayopaka meli kutwa nzima na hili shuka likabaki jeupe, nipigie simu. Nitarudi siku hiyo hiyo. Likiwa na doa hata moja, usinipigie."

"Na hamu ya kuwaona je?"

"Hamu haiui. Kifua kinaua."

Wakaenda kwa mama yake, upande wa pili wa mji, kilimani. Nikabaki na shuka.

Mwanamume mwenye akili angekaa akafikiri. Mimi nilipaka meli, nikarudi, nikakuta shuka limeingia surua, nikalichukua na kulisugua kwa tina, ile dawa ya kuzimulia rangi. Vitone vilitoka vizuri sana. Vilitoka mahali vilipokuwa vikaenea shuka zima. Nikampigia mke wangu.

"Shuka liko sawa," nikasema.

"Ni jeupe?"

"Ni jeupe... lililochangamka."

Akakata simu. Kesho yake mama mkwe alikuja mwenyewe. Nikamwamkia, akaitikia vizuri, akalitazama lile shuka la waridi, akatoa jingine kwenye mkoba wake akalianika. Alibana vibanio kimoja kimoja, kisha akanigeukia.

"Mkwe wangu, hili usilishike. Hata kwa kidole."

"Sawa, mama."

"Nakujua wewe," akasema, akaenda zake.

Siku hizo hizo ndipo roboti ilipoletwa. Majirani walikuwa wamelalamika, wenye meli nao walikuwa wameanza kuuliza ni rangi kiasi gani inaishia hewani na majini, na meneja wetu, ambaye hapendi kuulizwa, akaleta mashine. Ilikuwa gari zito la magurudumu lenye mkono mrefu wa chuma unaojikunja. Mwisho wa mkono kulikuwa na bunduki ya rangi, na bunduki ilifunikwa kwa kikombe kipana cha mpira. Kikombe kile kinabana kwenye ubavu wa meli, bunduki inapuliza humo ndani, na rangi yoyote isiyoshika inafyonzwa kwa bomba mpaka kwenye pipa la vichujio. Haitoki nje.

Iliambatana na injinia, mwanamke mdogo kwa umri, mpole, mwenye tabia ya kusubiri umalize kuongea hata kama unaongea upuuzi. Meneja akatangaza kwamba meli inayofuata itapakwa nusu kwa nusu: ubavu mmoja roboti, ubavu mmoja mtu, na atakayefanya vizuri ndiye atakayekabidhiwa meli kubwa zote. Macho yote yakanigeukia. Nikainua mkono kabla hajauliza.

"Hiyo ikinishinda," nikasema kwa sauti ili hata walio juu ya majukwaa wasikie, "nitailamba meli kuanzia mbele hadi nyuma."

Nilishangiliwa. Kuna makelele ambayo mtu angejua mapema yanashangilia nini, angekwenda nyumbani kulala.

Injinia akanifuata pembeni. "Fundi, kabla ya shindano inabidi mashine ijifunze. Haijui kupaka mpaka imwone mtu anayejua. Naomba mkono wako."

"Kwa nini wangu?" Nilijua jibu, nilitaka tu kulisikia likisemwa.

"Kwa sababu rangi yako ndiyo laini kuliko zote."

Nilimwomba arudie, nikisingizia kelele za kompresa.

Akanifunga bangili ya waya kwenye kifundo cha mkono, mkanda kiunoni, na kidude kidogo kwenye kifyatulio. Kila nilichofanya kiliingia kwenye kompyuta yake. Basi nikapaka. Na kwa kuwa nilikuwa naandikwa, nilibariki siku hiyo kuliko siku zote. Baraka ndefu, baraka fupi, baraka ya mkono wa kushoto. Mpiga mchanga mmoja, rafiki yangu tunayemwita Vumbi, alipita chini akauliza kama napaka meli au naaga watu wanaosafiri. Nikamwambia asiyejua maana haambiwi maana.

Siku ya roboti kujaribiwa tulijipanga wote ukingoni mwa chelezo. Hali ya hewa ilikuwa nzuri, upepo ukielekea kwetu, yaani nyumbani. Injinia akagusa kitufe. Mkono wa chuma ukanyooka, kikombe kikabana, ukaanza kuteremka, na kwa kweli niliona mkono wangu. Mwendo ule ule, kule kupunguza kasi kwenye mshono wa bati, kule kuzunguka kichwa cha msumari. Nilijisikia kama baba anayemwona mwanawe akipanda jukwaani.

Roboti ikafika mwisho wa mstari. Ikasimama. Kisha, taratibu, ikaegemea nyuma. Kikombe kikaachia meli. Kichwa cha chuma kikageuka upande, kikaitazama kazi kwa lile jicho lake moja la kamera. Na huku bunduki ikiwa bado wazi, mkono ukapepea hewani ukapuliza wingu jekundu kubwa, la polepole, la kujivuna.



"Mama yangu!" Vumbi akapiga kelele. "Imebariki!"

Walicheka mpaka mmoja akadondosha kofia ndani ya chelezo. Roboti haikujali. Ilipaka mstari wa pili, ikarudi nyuma, ikageuza kichwa, ikabariki. Watu wazima wenye wake na watoto wakaanza kuegemea nyuma wakifumba jicho moja na kupepea mikono. Meneja, ambaye sijawahi kumwona akicheka, alikuwa ameukumbatia mlingoti wa taa.

"Mashine yenu mbovu," nikamwambia injinia. Uso ulikuwa unanichoma.

"Si mbovu, fundi. Inafanya ulichofanya."

"Mimi sifanyi hivyo."

Aliyasubiri maneno yangu yaishe, kama kawaida yake, ila hayakuwa na mwisho mzuri. Nyani haoni kundule. Sasa mimi nililetewa langu kwenye mkono wa chuma, mchana kweupe, mbele ya kazi nzima. Nikayapeleka macho pengine ili nisimtazame mtu, nikaliona lile wingu. Lilikuwa limepanda juu ya ukingo. Likapita juu ya ukuta, halina haraka, kama linajua njia.

Nikalifuata. Sijui niliwaza nini; nilitoka getini mbio na kofia ya kazi kichwani, nikazunguka ukuta, nikafika uani kwangu nikihema. Shuka la mama mkwe lilikuwa limetulia kwenye kamba, jeupe pe, maana tangu alipolianika tulikuwa tumepaka siku moja tu, ile ya kuifundisha mashine, na siku hiyo upepo ulielekea baharini. Nikasimama mbele yake. Kwa muda sikuona kitu. Kisha kitone kimoja kikatua karibu na pindo. Kingine juu yake. Halafu vikaja vingi, bila sauti, nikivitazama. Nikapitisha ulimi kwenye mdomo nikasikia uchungu wa dawa.

Hapo ndipo palipokuwa pakitandikwa mkeka wa Kidoti. Chini ya kamba ile ile, kwenye kivuli cha mashuka, kwa kuwa ndani kulikuwa na joto. Nilikaa chini pale pale kwenye zege na nikalia. Sitalipamba hilo, nililia na kofia ya kazi kichwani, na jirani aliyetoka kumwaga maji akarudi ndani.

Niliporudi kazini watu walikuwa wamechoka kucheka. Injinia alinionyesha kwenye kompyuta yake bila kunicheka. Kulikuwa na mchoro wa mstari unaokwenda sawa sawa, kisha unapaa kama kilima, kisha unakwenda sawa tena.

"Kwa ulaini, fundi, mkono wako ni wa kwanza. Kwa rangi inayopotea pia ni wa kwanza. Na sehemu kubwa inapotea hapa." Akagusa kilima. "Ile pumzi ya mwisho haifiki kwenye meli. Umbali ni mkubwa. Inakaukia hewani, inakuwa vumbi."

"Kwa hiyo meli haikuwahi kupata baraka yangu."

"Hata moja."

Miaka yote ile. Baraka zangu zote zilikwenda nyumbani kwangu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikuwa nimekianika kwa vibanio.

Nikampigia mke wangu. Aliitika kwa sauti ya mtu aliyejiandaa kusikia uongo.

"Lina madoa," nikasema. "Mengi. Na ni yangu. Si ya wale wengine."

Nyuma yake nilimsikia Kidoti akigonga kitu kwa kijiko, akipumua bila filimbi.

"Asante kwa kuniambia," akasema mwishowe, na hakukata simu mara moja.

Zilibaki siku chache kufikia shindano, nikazitumia kujifunza kuacha. Nilidhani ni rahisi. Injinia aliiondolea mashine yake baraka kwa kugusa kitufe. Mimi nilisimama mbele ya bati chakavu nyuma ya karakana, nikapaka mstari mmoja, nikajiambia "sasa achia," na kidole hakikuachia. Niliegemea nyuma kama mtu aliyevutwa kwa kamba, na wingu likatoka. Nikajaribu kujifunga kiuno kwenye nguzo. Nikabariki nikiwa nimefungwa. Vumbi alinikuta hapo akanifungua bila kuuliza swali, na huo ndio urafiki.

"Hata ukiacha," injinia alinieleza kwa upole, "bunduki ya mkono haina kikombe. Itapunguza, haitamaliza."

Asubuhi ya shindano nilinunua shuka jipya dukani. Nikanawa mikono kwa sabuni, nikanawa tena, nikalianika uani, nikaenda kazini. Meli ilikuwa imekaa kwenye magogo, kubwa, safi, ya kijivu, kila upande ukingoja. Upande mmoja roboti imenyoosha mkono. Upande mwingine kikapu changu, na chini yake watu wote, wengine wakiwa wameleta viti. Bunduki yangu ilikuwa imeoshwa. Ilikaa vizuri kwenye kiganja kama zamani, na nitasema kweli, niliitaka ile kazi. Nilitaka kupanda. Mkono ulikuwa unanicheza.

Nikatazama upepo. Ulikuwa unakwenda kwetu.

Nikamfuata meneja nikampa bunduki. "Upande wangu nao ipewe mashine."

"Umeogopa?"

"Ndiyo."

Nilingoja watu wacheke. Mmoja akaguna, "Na kuilamba meli je?" Vumbi akamwambia anyamaze. Meneja akaigeuza bunduki mkononi kama kitu asichojua pa kukiweka, kisha akanielekeza kwenye pipa la vichujio. "Basi kaa pale. Kichujio kikijaa, badilisha."

Kwa hiyo hivi ndivyo mkono bora wa chelezo ulivyoipitisha siku yake kuu: kwenye pipa, ukibadilisha vichujio. Roboti ilipaka ubavu wa kwanza, ikahamia wa pili. Nilipofungua pipa mara ya kwanza, kichujio kilikuwa kizito, kimejaa tope jekundu zito kama udongo wa kufinyangia. Nilikishika kwa glavu nikasimama nacho. Hicho chote kilikuwa na safari ya kwenda uani kwangu. Nikakitia kwenye pipa la taka za sumu nikafunga kifuniko, nikahakikisha kimefunga, nikahakikisha tena.

Jambo moja lilinishangaza. Kila mwisho wa mstari, roboti ilikuwa bado inaegemea nyuma na kugeuza kichwa. Nikamuuliza injinia kwa nini hakuiondolea na hilo.

"Kurudi nyuma kutazama kazi si kosa," akasema. "Inakagua kwa kamera. Ila sasa inafunga bomba kwanza."

Mapumzikoni nilikimbilia uani. Shuka jeupe. Nikarudi. Nikapata kisingizio cha maji ya kunywa, nikakimbia tena. Jeupe. Nililiinua pindo nikalitazama nyuma, mbele, kwenye mshono. Walipotangaza kwamba ubavu wa pili umekwisha, jua lilikuwa bado juu, na nilikuwa tayari nimesimama mbele ya shuka, simu sikioni.

"Njoo ujionee mwenyewe," nikasema. "Usiniamini mimi."

Alikuja na Kidoti mgongoni na mama mkwe nyuma, kama mahakama iliyohamia. Hakuniamkia kwanza. Alikwenda moja kwa moja kwenye shuka, akalitazama kuanzia juu, kibanio hadi kibanio, akishuka polepole. Akafika kwenye pindo. Akasimama.

"Hili ni nini?"

Lilikuwa doa. Jekundu, moja, la mviringo. Nikaanza kueleza roboti, kikombe, vichujio, upepo, nikieleza vyote kwa pamoja na bila mpango, na mke wangu akaninyamazisha kwa kuushika mkono wangu wa kulia. Akakigeuza kidole gumba juu. Kilikuwa na wekundu kwenye ncha, ule wa kichujio, uliopenya kwenye glavu iliyotoboka. Akakibandika juu ya doa. Kilikaa sawasawa, mpaka mistari ya ngozi.

"Nilisema asilishike," mama mkwe akasema.

Mke wangu akalitazama doa, akanitazama. Midomo yake ilitetemeka, na mimi nikadhani analia, kumbe anazuia kicheko, na kikamshinda. Alicheka akiwa ameshika kamba.

"Hii haikuletwa na upepo," akasema. "Hii imeletwa na mjinga." Kisha akamfungua Kidoti mgongoni, akatandika mkeka pale pale chini ya shuka, akamlaza, akamwinamia na sikio. Tulingoja sote. Mtoto alivuta hewa, akaitoa, akavuta tena, kimya kama mtoto yeyote. Mama Kidoti akachukua begi akaliingiza ndani.

Nilikuwa na mengi ya kusema. Kuhusu bunduki niliyoiacha, kuhusu ujasiri wangu, kuhusu mkono ambao ingawa hauna kazi bado ndio unaopaka kila meli pale, maana mashine haikujifunza kwa mwingine. Nikarudi hatua moja nyuma, nikageuza kichwa upande, nikawatazama wote watatu. Ila safari hii nilifunga mdomo kwanza.